Jani Lisilo na Kibandiko: Habari na Utunzaji Wake

Mwanafunzi akikata tawi la mkulo katika misitu ya Usambara na kulikausha kati ya magazeti, alichonacho ni tawi kavu tu. Akiandika mahali lilipotoka, kimo cha mahali hapo kutoka usawa wa bahari, tarehe na jina la mkusanyaji, tawi hilo huanza kujibu maswali. Hiyo ndiyo tofauti baina ya data na habari. Data ni mambo mamoja mamoja yaliyonukuliwa. Habari ni data zilizounganishwa hata zikamwondolea mtu shaka juu ya jambo fulani.

Huko Lushoto, Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania ina hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Mfumo wa namna hii una kazi nne: kupokea, kupanga, kutafuta na kutunza. Mimea hupangwa kwa familia, jenasi na spishi, ili mtafutaji asilazimike kufungua kila kabati. Mkulo huwekwa chini ya jina *Ocotea usambarensis*, katika familia ya Lauraceae.

Ugumu huzuka majina yanapobadilika. Wakati wa utawala wa Wajerumani Lushoto iliitwa Wilhelmstal. Atafutaye "Lushoto" peke yake hatakiona kielelezo chenye jina la kale, ingawa kimo kabatini. Vivyo hivyo, ua mashuhuri la Usambara lililoitwa *Saintpaulia ionantha* mwaka 1893 lilihamishiwa baadaye jenasi ya *Streptocarpus*. Mfumo mzuri haulifuti jina la zamani, bali huliunganisha na jipya. Kompyuta nayo hutafuta upesi, lakini nayo huhitaji kuelezwa kwamba majina hayo mawili ni ya kitu kimoja.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni kuwa na nakala moja. Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hebaria ya Berlin, pamoja na vielelezo vingi vya Afrika Mashariki. Pale tu ambapo vielelezo pacha vilikuwa vimepelekwa kwingine ndipo ushahidi ulipookoka. Agawaye chakula hupungukiwa. Agawaye habari hubaki nayo, tena huilinda.

Maswali
1. Kibandiko chenye jina la mkusanyaji na tarehe tu kina upungufu gani?
2. Kusanyeni majina matano ya mimea katika lugha ya kwenu. Kwa nini jina la kienyeji liandikwe pamoja na la kisayansi, wala si badala yake?