SOMO LA VIKUNDI: Vumbi Tunaloliona na Moshi Tunaouzoea



Wakati wa kupura ndengu hapa Tulia, mama hujifunga leso puani. Vumbi tunaliona, tunalikimbia. Lakini jioni tunainjika muthokoi na kukaa kwenye moshi saa nyingi bila kujali, mtoto akiwa mgongoni. Je, kati ya vumbi na moshi, cha kuogopa zaidi ni kipi?

1. Ukubwa wa chembe

Vumbi na moshi vina chembe ndogo sana. Hupimwa kwa maikromita: milimita moja ukiigawa mara 1,000, kipande kimoja ndicho maikromita. Unywele una unene wa kama 70 hivi.

- Chembe zinazozidi 10 hukwama puani na kooni. Tunapiga chafya, tunatema, basi.
- Chembe za 10 kushuka huweza kuingia kwenye mirija ya mapafu. Vumbi la kupura lina hizi pia.
- Chembe za 2.5 kushuka hufika mwisho kabisa wa mapafu, pale damu inapochukua hewa. Karibu chembe zote za moshi wa kuni ni za namna hii.

2. Leso haitoshi

Chekeche la kuzuia pumba haliwezi kuzuia unga. Leso nayo ni hivyo: vumbi kubwa hubaki, moshi hupita. Barakoa ya N95 ikishika uso vizuri huzuia angalau asilimia 95 ya chembe hizi, lakini nani atapika nayo kila siku? Na mtoto mchanga je? Kwa hiyo dawa ya jikoni si kuchuja hewa. Ni kupunguza moshi na kuutoa nje.

3. Yaliyoonekana Kenya

Watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia nyumba 55 huko Laikipia, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Moshi ulipozidi, magonjwa ya kupumua yalizidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano.

4. Tufanye nini?

- Tutumie kuni kavu. Tuloweke mahindi na maharagwe usiku, tufunike sufuria. Moto utawaka muda mfupi.
- Tutoboe tundu la moshi juu, karibu na paa, na tufungue dirisha.
- Kikundi kichange, kijenge jiko lenye bomba la moshi, boma moja baada ya jingine.
- Mtoto akae mbali na moto, si mgongoni mwa mpishi.
- Makaa hayana moshi mwingi, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Tusilale na jiko la makaa ndani.

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika moja akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, au kifua kikibonyea ndani, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje asubuhi.

Maswali ya kujadiliana

1. Jikoni kwako moshi unatokea wapi?
2. Kikundi chetu kitaanza na jiko la nani, na lini?