Kabla ya Kumwambia Ndugu Yako Aache Kubahatisha

Dada yako mama lishe akikupigia simu kwamba rejesho la leo limemshinda, usianze kwa kumuuliza alikopea nini. Muulize anatakiwa kulipa kiasi gani, kwa nani, na kabla ya saa ngapi. Swali la kwanza litamfanya ajitetee, na anayejitetea huficha madeni mengine. La pili linawawezesha kupiga hesabu pamoja.

Chukueni karatasi, mwandike kila deni, hata la muuza mkaa. Tuseme alichukua 100,000 za kausha damu na kila jioni analipa 4,500 kwa siku 30. Atarudisha 135,000. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Huyu anatozwa 35. Deni hilo ndilo la kumaliza kwanza. La muuza mkaa lisubiri, maana halizai. Ukiweza kumlipia, nendeni wote, mdai risiti, na kama walishikilia kadi yake ya benki, msitoke bila kadi.

Kama alikopa kwa simu, hakikisheni kwanza kama mkopeshaji ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Wapo wanaowatumia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa ujumbe wa kumdhalilisha. Mtangulieni mdai huyo: dada mwenyewe aandike mistari miwili kwa ndugu na wateja wake, waijue habari kutoka kwake.

Sasa lile linalotukera sisi wenye mshahara: mbona anabahatisha? Mtazame dereva wa bodaboda ya mkataba. Mvua inyeshe isinyeshe, hesabu ya tajiri iko palepale. Akipakia mshikaki au akikesha barabarani, tunamwita mzembe, na kweli anahatarisha maisha, yake na ya abiria. Lakini upande wa pili ipo hatari ya kunyang'anywa pikipiki aliyoilipia kwa miezi. Mwingine ni mkulima anayekataa kununua mbolea. Tunamwita mwoga, ilhali mvua zikigoma mwenye akiba atapoteza faida tu, na yeye atapoteza chakula cha watoto. Hawa wawili wanapiga hesabu sawasawa. Kinachowaponza ni kwamba hawana wa kuwashika wakianguka. Kwa hiyo ushauri usioambatana na kubeba sehemu ya hatari hiyo hauwafikishi mbali.

Kubeti nako kuna hesabu yake, ingawa mbovu. Wapangaji wengi Dar es Salaam hudaiwa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mtu anayepata 8,000 leo na 3,000 kesho ataupataje mkupuo huo? Mkeka unamwahidi donge ambalo vibarua havimpi. Badala ya kumhubiria shemeji yako, nenda kwa mwenye nyumba, jitolee kuwa mdhamini, uombe kodi ilipwe kila mwezi. Andikishaneni mbele ya mjumbe. Mimi naamini saa moja ya kukaa na mwenye nyumba inamfaa kuliko mwaka mzima wa mawaidha.

Kuhusu akiba, usimtake aifungie mbali. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, katika utafiti wao wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka 2013, waliwapa watu masanduku ya chuma ya kuwekea akiba ya afya. Walioshika ufunguo wenyewe walitumia zaidi kwa kinga, kama vile vyandarua. Sanduku ambalo ufunguo wake ulikuwa kwa mtu mwingine halikuleta ongezeko hilo, kwa sababu dharura haisubiri mwenye ufunguo. Basi mnunulie dada kisanduku na kufuli, fedha zipewe jina, "za hospitali", na ufunguo akae nao. Fedha yenye jina ni rahisi kuinyima jirani anayeomba.

Ukitaka kumpa mtaji, anza na kidogo, na mwambie waziwazi: "Hii ikipotea, hasara ni yangu." Akijua hivyo ndipo atakapothubutu kujaribu biashara mpya bila kugusa unga wa watoto. Kama yumo kwenye VICOBA, mlipie hisa wiki anazougua, asipoteze nafasi. Mpeleke pia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata aulizie mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu una makaratasi mengi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Msaidie kuandika katiba ya kikundi na kufungua akaunti.

Na kama mwezi huu huna kitu, mwambie siku hiyohiyo: "Sina, ila tarehe 28 nitatuma 20,000." Ukimjibu "nitaangalia", atakusubiri hadi jioni, mkusanyaji atabisha hodi, naye atakopa kwingine ili amlipe huyo.