Uvimbe Uliojificha Nyuma ya Puru

Kati ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na mfupa wa sakramu ulio juu ya kifandugu, pana nafasi ndogo. Mtoto angali tumboni mwa mama, chembe hai za aina nyingi hukutana hapo; mabaki yake huweza kugeuka uvimbe baadaye. Uvimbe huu ni wa nadra. Mara nyingi si saratani, ingawa huweza kuwa.

Dalili
Uvimbe hukua polepole. Mkulima wa Newala au Masasi mwenye maumivu ya kiuno yanayozidi anapokaa huweza kudhani ni uchovu wa kupalilia mikorosho. Wengine hufunga choo, au hupasuliwa jipu karibu na mkundu mara kwa mara lisipone. Kwa mjamzito, uvimbe mkubwa huweza kumzuia mtoto kupita.

Uchunguzi
Kipimo cha kwanza hakihitaji umeme: ni kidole kilichovikwa glavu. Tabibu akikiingiza katika puru, mara nyingi huugusa uvimbe upande wa nyuma. Hapo mgonjwa hupewa rufani ili apigwe picha, hasa zile za nguvu za sumaku. Uvimbe usichomwe sindano kabla ya picha hizo: ukiwa ni mfuko wa utando wa uti wa mgongo, vijidudu huweza kuingia na kuleta homa ya uti wa mgongo.

Upasuaji
Uvimbe ulio chini ya pingili ya tatu ya sakramu kwa kawaida hutolewa kwa nyuma, kwa njia aliyoieleza mpasuaji Mjerumani Paul Kraske mwaka 1885. Ulio juu hutolewa kupitia tumboni, na mkubwa kwa njia zote mbili. Mishipa ya fahamu ya sakramu huhifadhiwa angalau upande mmoja, ili mgonjwa aweze kuzuia mkojo na choo. Kwa mtoto mchanga, kifandugu huondolewa pamoja na uvimbe; kikiachwa, uvimbe huelekea kurudi.

Upasuaji si jambo geni katika eneo hili. Dkt. Leader Stirling, Waziri wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980, alianza kazi Lulindi, Masasi, mwaka 1935. Leo Hospitali ya Ndanda iko wilayani humo, na kesi ngumu hupelekwa Muhimbili, Dar es Salaam. Lakini safari hiyo ndefu huanzia zahanati, kwa tabibu asiyeona haya kupima wala mgonjwa asiyeona haya kupimwa.