Mbio Ndefu kwa Mtu wa Kazi: Somo la Mwendo na Pumzi

Kila siku kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado halijachomoza, watu huonekana katika barabara za Lavington, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, wakikimbia. Hawafukuzwi na mtu, wala hawakimbilii gari. Ni makarani, walimu, wauguzi, madereva na wenye maduka, waume kwa wake, ambao baada ya muda mfupi watakuwa njiani kwenda kazini. Hawalipwi hata senti moja kwa mbio hizo. Bali wengi wao hutoa fedha zao wenyewe ili waandikishwe katika mashindano ambayo wanajua kwa hakika kwamba hawatayashinda. Watu wa namna hii huitwa wakimbiaji wa ridhaa, na somo hili lawahusu wao, pamoja na kila mtu ambaye angependa kufanya kama wafanyavyo, awe yu mjini au yu shamba.

Wengi wa wale wanaoanza huacha kabla ya mwezi kwisha. Aghalabu sababu haimo katika miguu yao wala katika umri wao. Huacha kwa kuwa siku ya kwanza walikwenda kasi mno, kifua kikawaka moto, misuli ikakaza, nao wakakata shauri kwamba mchezo huo ni wa watu wa Iten na Kapsabet peke yao. Kosa hilo ni la zamani, na limewapata hata watu hodari.

Mwezi wa Julai 1954 wakimbiaji wawili wa Kenya, Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro, walishindana katika uwanja wa White City mjini London. Chama cha riadha cha Kenya kilikuwa na umri wa miaka mitatu tu, kwa maana kiliundwa mwaka 1951. Chepkwony alikimbia maili sita kwa miguu mitupu. Hakushika mwendo mmoja. Mara aliongeza kasi kwa ghafula akawaacha wenzake, mara alipunguza wakamfikia, kisha akachomoka tena. Mwishowe msuli ulimwuma, akatoka uwanjani kabla ya mbio kumalizika. Kesho yake ilikuwa zamu ya Nyandika katika maili tatu. Naye alitoka mbele mapema sana, akawaacha wengine nyuma yake. Waingereza wawili, Fred Green na Chris Chataway, hawakuingiwa na pupa ya kumfuata. Walimfikia pole pole, wakampita, na wote wawili wakamaliza kwa dakika 13 na sekunde 32.2, muda uliovunja rekodi ya dunia. Nyandika alikuwa wa tatu.

Asidhani msomaji kwamba habari hii ni ya aibu. Majuma machache baadaye, huko Vancouver katika nchi ya Kanada, Nyandika huyo huyo alikuwa wa nne katika maili tatu kwenye michezo ya nchi za Dola ya Uingereza. Mwaka 1956 alikuwa wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne, na mwaka 1960 akawa wa sita huko Rome. Naye Arere Anentia alipata medali ya shaba katika maili sita mjini Cardiff mwaka 1958. Nguvu zilikuwapo tangu mwanzo; kilichokuwa kikitafutwa ni namna ya kuzigawa.

Mfano ulio bora wa kugawa nguvu ulionekana tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna, Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 na mita 195 kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40. Mbio hizo hazikuandikwa kuwa rekodi, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili yake peke yake, na wenzake walipokezana kumwongoza na kumkinga upepo. Lakini kwa mwanafunzi wa mbio, lililo kubwa ni jingine: kilomita zake karibu zote zilikwenda kwa dakika 2 na sekunde 50, zikizidi au kupungua kwa sekunde mbili tu. Karani anayetumia dakika 7 kwa kila kilomita hawezi kamwe kuiga kasi hiyo, ila usawa wake aweza kuuiga vizuri sana.

Kwa nini kasi ya mwanzo humwadhibu mtu? Misuli huhitaji hewa ya oksijeni ili iunguze chakula chake sawasawa. Mtu akienda upesi kuliko vile moyo na mapafu yawezavyo kupeleka hewa hiyo, misuli hulazimika kuunguza sukari kwa njia ya haraka na ya harara, na akiba ya sukari iliyomo mwilini hupungua upesi. Deni hilo hulipwa papo hapo: pumzi hukatika, miguu huwa mizito. Nako Lavington deni hilo huja mapema zaidi, kwa kuwa mahali hapo pako takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko husukuma kwa nguvu iliyo kama sehemu nne kwa tano tu ya ile ya Mombasa. Mtu wa pwani aliyehamia Nairobi juzi asione haya kwenda pole pole kwa majuma ya kwanza. Mwili wake unaanza kuongeza chembe nyekundu za damu, na kazi hiyo haifanyiki kwa siku mbili.

Haya si maneno ya kuwatuliza wavivu. Mwaka 1968 Olimpiki ilifanyika Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Ron Clarke wa Australia, ambaye mwaka 1965 alikuwa amekimbia mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 39.4, alimaliza wa sita na kuanguka akiwa hana fahamu. Aliyeshinda ni Naftali Temu, askari wa Kenya kutoka upande wa Kisii, kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Yaani mshindi mwenyewe alitumia karibu dakika mbili zaidi ya rekodi ya Clarke. Mahali pa juu pana sheria zake, na hapampendelei bingwa.

Sasa na achukuliwe, kwa mfano, karani mwenye umri wa miaka arobaini, ambaye kutwa nzima yu kitini na amekwisha kuona kwamba mshipi wake umehitaji tundu jipya. Jambo la kwanza si kununua viatu. Ni kwenda zahanati kupimwa shinikizo la damu. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo lililozidi kiasi, na zaidi ya nusu walikuwa hawajapimwa hata mara moja maishani mwao. Ugonjwa huu hauumi, na hapo ndipo ulipo ubaya wake. Mtu huchekacheka na wenzake hadi siku mshipa unapopasuka kichwani. Mwendo wa kila juma husaidia kulishusha shinikizo, lakini hauwi badala ya dawa aliyoandikiwa mgonjwa na daktari.

Akiisha kupimwa na kuruhusiwa, karani huyo aanze kwa dakika 30, siku tatu katika juma. Akimbie dakika moja, atembee mbili, na kurudia hivyo mara kumi. Kipimo cha mwendo ni ulimi wake mwenyewe: ikiwa hawezi kumwambia mwenzake maneno kumi mfululizo bila kutweta, basi anakwenda kasi. Baada ya juma moja au mawili aongeze kidogo dakika za kukimbia na kupunguza za kutembea. Ikichukua miezi miwili au mitatu kabla ya kukimbia nusu saa bila kusimama, hakuchelewa. Moyo na mapafu huzoea mapema, lakini kano na mifupa huzoea kwa taratibu zaidi, na wengi huumia katika majuma yale ambayo wanajiona wamekuwa hodari. Maumivu ya ugoko au ya kano ya kisigino yanayozidi kila siku yataka kupumzika, wala hayafukuzwi kwa kukimbiwa.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwaka 2020 kwamba mtu mzima yampasa apate kila juma dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo wa nguvu. Kwa hesabu hiyo wapo watu wa Lavington wasiojiita wanamichezo ambao wamekwisha kuipita. Kila alfajiri mafundi, walinzi na watumishi wa nyumbani hutoka Kawangware wakishuka kwa miguu kwa njia ya Gitanga Road, na jioni hurudi vivyo hivyo. Hutembea kwa sababu nauli ni ghali, si kwa sababu ya afya, na lingekuwa jambo la upumbavu kuwasifia umaskini. Lakini mmoja wao akitaka kujiandikisha katika mbio za kilomita 10, ana msingi ambao tajiri mwenye gari hana budi kuujenga kwa miezi.

Kuhusu mahali pa kukimbilia, Lavington ina vilima na mabonde, na zamani sehemu yake kubwa ilikuwa shamba la misheni ya St. Austin, ambako mapadre wa Kifaransa waliokuja mwaka 1899 walipanda kahawa. Udongo wake ni mwekundu, nao huteleza sana wakati wa masika. Vilima vyafaa kwa kujenga miguu, ila mtu asipande kwa kasi ya tambarare. Afupishe hatua na kuacha pumzi imwongoze. Barabara ya James Gichuru hujaa magari mapema, na moshi wake hauna faida kwa kifua, kwa hiyo yafaa kutoka kabla ya msongamano au kutumia njia ndogo za ndani. Akimbiaye barabarani akae upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia, avae nguo nyeupe au yenye kung'aa, na asizibe masikio kwa muziki. Wanawake wengi huona afadhali kukimbia wawili watatu, hasa gizani, na jambo hilo ni busara mpaka barabara ziwe salama kwao kama zilivyo kwa wanaume. Bustani ya miti iitwayo Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kuni za gari-moshi, haiko mbali, na njia zake za udongo ni laini kwa magoti.

Viatu visizidi kusifiwa. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Rome mwaka 1960 bila viatu. Lakini nyayo zake zilizoea hivyo, na mtu aliyevaa viatu tangu utoto asijaribu kumwiga juu ya lami. Viatu vya mitumba si vibaya, mradi vimkae vizuri na soli isiwe imelika upande mmoja.

Chakula nacho kina hadithi zake. Mwaka 2004 watafiti walitoa habari za chakula cha wakimbiaji kumi hodari wa Kenya waliopimiwa kila walichokula kambini. Zaidi ya robo tatu ya nguvu zao ilitoka katika wanga na sukari. Ugali peke yake ulileta kama asilimia 23, na sukari, nyingi yake ikiwa katika chai na uji, asilimia 20. Hapakuwapo dawa wala chakula cha ajabu. Basi karani asione kwamba ugali na sukuma wiki ni chakula cha hali ya chini, wala asitumie mshahara wake kununua poda za makopo. Lakini katika jambo la sukari awe mwangalifu: wale waliunguza sukari yao kwa mbio za asubuhi na jioni, naye anaunguza ya kwake kwa nusu saa mara tatu kwa juma.

Katika maji, wengi hudhani kwamba kuzidisha hakudhuru. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu mwisho wa mbio, na asilimia 13 kati yao walikutwa chumvi ya damu imeshuka mno, hasa wale waliokunywa sana njiani hata wakaongezeka uzito. Hali hiyo huleta kichefuchefu na kuchanganyikiwa, na yaweza kuua. Kunywa kwa kufuata kiu kwatosha kwa watu wengi. Kadhalika mtu mwenye homa asikimbie hata kama amekwisha kulipa ada, na anayepatwa na maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame hapo hapo na kutafuta daktari siku hiyo hiyo.

Nairobi imekuwa na marathoni yake tangu mwaka 2003, na pamoja na mbio kamili kuna ya kilomita 21 na ya kilomita 10, ambamo maelfu ya watu wa kazi hujiandikisha. Karani wa mfano huu, aliyejizoeza miezi minne au mitano na anayetaka kumaliza kilomita 10 kwa dakika 70, atakuta kwamba mwanzoni watu wote wanampita, wazee na watoto pia. Awaache. Kilomita ya kwanza aitumie dakika 7 na robo, kisha ashike dakika 7 mpaka ya nane, na kilichobaki akitoe mwishoni. Wengi wa wale waliompita atawakuta njiani wakitembea, mikono kiunoni.

Siku mbili za baadaye kushuka ngazi za ofisi kutamwuma mapaja, nalo si gonjwa. Atembee kidogo, alale mapema, na asikimbie mpaka maumivu yamekwisha. Ndipo afungue daftari alimoandika muda wa kila kilomita na kutazama ni wapi alipopoteza pumzi yake. Mara nyingi hapatakuwa mbali na mstari wa kuanzia.