SOMO LA TISA: MAMA ASIACHWE PEKE YAKE

Leo tutasoma juu ya siku ya kujifungua. Tutajiuliza swali moja: Mama akishikwa na uchungu, nani atakaa karibu naye?

Desturi ya zamani

Zamani, katika vijiji vyetu vya Njombe, mama alijifungulia nyumbani. Mama yake, shangazi yake au bibi jirani alikaa naye. Alimkanda mgongo. Alimpa uji. Alimtia moyo. Lakini hatari ilikuwapo. Damu ilipotoka nyingi, au mtoto alipokaa vibaya tumboni, bibi hakuwa na dawa wala vifaa. Akina mama walikufa.

Siku hizi tunashauriwa kujifungulia zahanati, kituo cha afya au hospitali. Ushauri huu ni mzuri. Huko yuko mkunga aliyesomea kazi yake, na iko dawa ya kuzuia damu. Lakini mara nyingi mama huingia ndani, ndugu zake wakabaki barazani. Mkunga mmoja huweza kuwa na wazazi watatu kwa wakati mmoja. Hawezi kumshika kila mmoja mkono. Hivyo tumepata jambo jema moja, na tumepoteza jambo jema jingine. Je, hatuwezi kuwa na yote mawili? Tunaweza.

Msindikizaji ni nani?

Msindikizaji ni mtu anayekaa na mama tangu uchungu unapoanza hadi mtoto anapozaliwa. Anaweza kuwa mama mzazi, mama mkwe, dada, wifi, rafiki au mume. Mama mwenyewe ndiye anayemchagua.

Huko Ulaya na Marekani wako wanawake waliojifunza kazi hii. Huitwa dula. Neno hilo limetoka katika lugha ya Kigiriki. Maana yake ni mtumishi wa kike. Sisi hatuna haja ya kumtafuta mbali. Yumo katika ukoo wetu.

Faida zake

Mwaka 2017 wataalamu walikusanya matokeo ya uchunguzi 26 uliofanywa katika nchi 17. Wanawake waliochunguzwa walizidi 15,000. Iligunduliwa kwamba mama mwenye mtu wa kukaa naye huumwa uchungu kwa muda mfupi zaidi kidogo. Mara nyingi zaidi hujifungua kwa njia ya kawaida, bila kupasuliwa. Tena huridhika zaidi na jinsi alivyojifungua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mama awe na msindikizaji anayemtaka.

Hapa kwetu Tanzania, jambo hili lilijaribiwa mkoani Kigoma kati ya mwaka 2016 na 2018. Baadhi ya vituo vya afya na hospitali viliruhusu wasindikizaji kuingia ndani. Akina mama wengi walifurahi.

Kazi ya msindikizaji

1. Amkande mama mgongo na kumshika mkono.
2. Amsaidie kutembea na kubadili namna ya kukaa.
3. Ampe maji, chai au uji, kama mkunga ameruhusu.
4. Amkumbushe kwenda haja ndogo mara kwa mara.
5. Amtie moyo kwa maneno mazuri.
6. Amwite mkunga upesi akiona hatari.

Hatari ni hizi: damu kutoka nyingi, degedege, kuumwa sana kichwa, kuona giza, homa kali, au mama kuzimia. Hata mtoto akishazaliwa, msindikizaji asiende kulala. Damu huweza kuanza kutoka nyingi baada ya kujifungua. Nguo za mama zikilowa damu upesi, amwite mkunga mara moja. Asingoje asubuhi.

Mambo asiyoruhusiwa

Msindikizaji si mkunga. Asimwambie mama asukume kabla mkunga hajasema. Asimkaripie wala kumcheka. Tena asimpe dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu. Dawa hizo huweza kukaza kizazi kupita kiasi, kikapasuka. Hapo mama na mtoto huweza kufa.

Kujitayarisha mapema

Tuchukue mfano wa mama anayeishi kijiji kilicho mbali na mji wa Makambako. Mimba yake ina miezi saba. Jioni moja anakaa na mumewe na mama mkwe wake. Wanapanga pamoja. Mama anasema, "Namtaka wifi anisindikize." Mama mkwe hakasiriki. Yeye atabaki nyumbani kuwatunza watoto. Mume anaanza kuweka fedha za nauli kidogo kidogo. Anazungumza na kijana mwenye pikipiki na pia mwenye gari, maana uchungu huweza kuanza usiku, na wakati wa mvua barabara zetu huharibika.

Siku ya kliniki wifi anakwenda naye. Wanamwuliza mkunga, "Je, hapa msindikizaji anaruhusiwa kuingia ndani?" Mahali pengine wazazi wengi hulala chumba kimoja, kwa hiyo ndugu huzuiwa. Wakizuiwa, wasigombane na mkunga. Wapeleke jambo hilo kwa kamati ya afya na mkutano wa kijiji. Huenda pazia kati ya vitanda likatosha.

Katika mfuko wameweka kadi ya kliniki, khanga safi, soksi na blanketi zito. Kwetu Njombe, mwezi wa Juni na Julai, baridi ni kali, na mtoto mchanga hupoa upesi. Akizaliwa akauke, alazwe kifuani kwa mama, afunikwe, na anyonye kabla saa moja haijapita.

Ndugu msomaji, wahenga walisema: Mkono mmoja haulei mwana. Basi mkono mmoja usimzae pia.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Zamani nani alikaa na mama wakati wa uchungu hapa kijijini?
2. Taja hatari nne zinazomfanya msindikizaji amwite mkunga.
3. Kwa nini dawa za kuharakisha uchungu ni mbaya?
4. Je, zahanati yetu inaruhusu wasindikizaji? Tufanye nini?

ZOEZI LA KUANDIKA

Andika majina ya watu wawili ambao wewe, au mkeo, angependa wamsindikize. Kisha nenda ukazungumze nao wiki hii.