Mpira wa Matairi Ukutani: Unapofaa na Usipofaa

Tairi kuukuu likifika Keumbu, hapa Kisii, hukatwa na fundi wa akala au hutupwa nyuma ya gereji. Likichomwa, moshi wake una sumu. Likiachwa, maji ya mvua hutuama ndani na mbu wakataga. Linaweza kutumika kujengea pia, ingawa kwa nchi ya miteremko kama Kisii naona faida kubwa iko nje ya nyumba kuliko ndani.

Tuanze na tofali za simiti. Mpira uliosagwa hushika nafasi ya sehemu ya mchanga. Tofali huwa nyepesi, na hupunguza baridi na kelele za magari ya barabara ya Kisii–Keroka. Lakini simiti haishikani vizuri na mpira: ukiongeza mpira, nguvu inapungua. Usipite sehemu moja kwa kumi ya mchanga. Upime kwa debe, kamwe si kwa kilo, kwani kilo moja ya mpira hujaza nafasi zaidi ya maradufu ya kilo ya mchanga. Ukichanganya debe 1 la simiti na 6 ya mchanga, toa nusu debe ya mchanga, tia nusu debe ya mpira. Vumbi linalobaki kwenye karakana za kuvika matairi ngozi mpya ndilo bora, maana halina nyaya, lakini lichekeche kwanza.

Mwagilia tofali siku 7, usizijengee kabla ya siku 28. Zigawe vyumba tu. Msingi, nguzo, linta na ukuta unaobeba paa usiviguse kwa mpira, hata fundi akikuapia.

Sasa tutoke nje, kwenye ule udongo uliokatwa nyuma ya nyumba, unaoporomoka kila masika. Hapo tumia tairi zima. Mmarekani Michael Reynolds alianza miaka ya 1970, huko New Mexico, kujenga kuta za matairi yaliyoshindiliwa udongo. Chimba mtaro, panga safu ya kwanza chini ya usawa wa ardhi, shindilia udongo kwa nyundo mpaka tairi livimbe. Lijazie papo hapo. Likijaa hupita kilo 100. Safu ya juu ikalie maungio ya ile ya chini, na ukuta uegemee mlima. Nyuma yake jaza kokoto na uweke bomba la kutoa maji, kwani maji yakikosa njia yatausukuma. Piga plasta juu ya waya ili moto usiyafikie matairi. Ukuta ukizidi mita 1, mwite mhandisi.