Mbegu ya Kununua

Tangu zamani mkulima huvuna mahindi yake, akachagua yaliyo makubwa, akayatundika juu ya meko yapate moshi. Na mvua ikikaribia huyapukuchua akapanda, asimwendee mtu. Mbona basi watu wa Kitale, katika nchi ya Kenya, kabla ya mvua husimama dukani na fedha mkononi kununua mahindi ya kupanda, hali ghalani mwao yamo mahindi? Je, ni wapumbavu? Sivyo, sikilizeni sababu yake.

Kwanza yatupasa kujua jinsi mhindi uzaavyo. Juu kabisa pana mbelewele, ndiyo ua la kiume. Ubavuni mwa bua pana hindi changa lenye ndevu, ndilo ua la kike. Upepo huchukua vumbi la mbelewele, liitwalo chavua, ukaliangusha juu ya ndevu. Kila unywele mmoja ni njia ya punje moja. Usipopata chavua, mahali pale pa bunzi hubaki pengo. Lakini upepo hauchagui. Waweza kuleta chavua ya mhindi bora, au ya mhindi dhaifu wa jirani.

Mwaka 1908 mtaalamu mmoja wa Marekani, George Shull, alieleza jambo la ajabu. Alikuwa akiupa mhindi chavua yake wenyewe, kizazi baada ya kizazi, akaona mimea inadhoofika na kufupika. Lakini alipochanganya koo mbili zilizodhoofika hivyo, watoto wao walitoka na nguvu nyingi. Mbegu ya namna hiyo huitwa chotara. Mwaka 1926 Henry Wallace wa Iowa, ambaye baadaye alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alianzisha pamoja na wenzake kampuni ya kuiuza.

Kitale kazi hii ilianza mwaka 1955, naye aliyeiongoza ni Michael Harrison. Aliona kwamba mahindi ya Kenya ni kama ndugu wa nyumba moja, hayana tofauti ya kutosha kuleta nguvu ile. Basi akatafuta mbegu katika Amerika ya Kusini na ya Kati, kwani mahindi asili yake ni Amerika. Moja iliyotoka Ecuador ikachanganywa na mahindi ya Kitale, na mwaka 1964 wakulima wakapewa chotara iliyoitwa H611. Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956 kwa ajili ya mbegu za majani ya malisho, ndiyo iliyoizalisha na kuiuza. Nayo haikuwangoja wakulima mjini, bali iliwapa mbegu wenye maduka madogo ya vijijini, hata mtu wa shamba dogo akaweza kuipata pale pale anaponunua chumvi.

Kuizalisha si kazi nyepesi. Hupandwa mistari ya mama na mistari ya baba katika shamba moja, mbali na mahindi mengine yote. Mbelewele zikianza kuchomoza, watu hupita mstari kwa mstari wakizing'oa zote za mama kabla hazijafunguka, ili chavua ya baba peke yake ifike. Wakichelewa siku chache, mbegu imekwisha kuharibika. Ndiyo sababu kilo ya mbegu ina bei ipitayo sana kilo ya mahindi ya kula.

Tena chotara ina tabia moja impendezayo muuzaji kuliko mnunuzi. Ukipanda punje za mavuno yake, watoto hawafanani na mzazi: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu ana hindi dogo, na mavuno hupungua. Basi muuzaji hahitaji askari wa kumlazimisha mtu. Mbegu yenyewe humrudisha dukani kila mwaka.

Hapo ndipo penye hatari. Mlaghai huweza kutwaa mahindi ya kula, akayapaka rangi kama ile ya dawa ya mbegu, akayafunga katika mfuko mzuri. Mnunuzi hataujua uongo huo hata mimea ikue, na wakati huo mvua imekwisha pita wala fedha hairudi. Mimi naona wizi huu ni mbaya kuliko wa kuku, maana huiba chakula cha mwaka mzima.

Wala si kila mbegu bora ni chotara. Mahindi ya Katumani, yaliyotengenezwa karibu na Machakos kwa nchi yenye mvua chache, huiva mapema, na mkulima aweza kuweka mbegu yake akaipanda tena.

Nanyi mkitaka kuona kwa macho yenu, pandeni katika bustani ya shule mstari mmoja wa chotara ya dukani, na wa pili wa punje zilizovunwa katika chotara hiyo hiyo. Wapeni samadi sawa na palizi sawa. Wakati wa mavuno pimeni kila mstari mbalimbali, mkaandike hesabu yake katika daftari.